Ibada Zikizuiwa, Nani Anamwangalia Mchungaji? Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua za safari hii zimetoka Kyela mpaka Iringa, na karibu zote zinauliza jambo moja: ibada za hadhara zikisimamishwa, yule aliyekuwa akiziongoza anabaki katika hali gani, na ni kazi ya nani kumtunza? Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Tanzania haikufunga nyumba za ibada, kwa hiyo sharika na parokia nyingi za Nyanda za Juu Kusini hazina uzoefu wa jambo hili. Majirani wanao. Uganda ilifunga Machi 2020. Kenya ilipofungua tena Julai mwaka huo, iliruhusu watu wasiozidi 100 kwa saa moja tu, wenye umri wa miaka 13 hadi 58. Kwetu zuio linaweza kuja kwa eneo dogo zaidi: kipindupindu kinaingia kata moja, mikusanyiko ya kata hiyo inasimama, na kata ya jirani inaendelea kuimba. Mchungaji wa kata iliyofungwa anakuwa peke yake kabisa.

Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu ni mchungaji. Hii ni wiki ya tano tangu ibada zisimame, naye halali. Anaamka saa nane usiku na kukaa sebuleni mpaka kunakucha. Watoto wakigusa kitu anafoka, na hakuwa mtu wa kufoka. Nikimuuliza anasema anauombea ushirika. Nimwambie nani bila kumwaibisha?
*Mama mchungaji, Rungwe*

Amina, mama. Umefanya vizuri kuhesabu wiki, maana hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa na mganga wa hospitali. Huzuni ya siku chache baada ya kanisa kufungwa ni ya kawaida kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kukutana na watu. Ikizidi wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, na ikawa imegusa usingizi, chakula au hasira, haifai kusubiri ipite yenyewe. Na hasira tusiidharau: kwa wanaume wengi sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) hujitokeza kwa kufoka kabla ya machozi.

Tuanze na chanzo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Waumini hudhani zuio limempa mchungaji likizo. Profesa Leslie Francis wa Uingereza, aliyechunguza uchovu wa wahudumu wa makanisa kwa miaka mingi, anatumia kipimo chenye sehemu mbili, kila moja ikiwa na sentensi 11. Sehemu moja hupima jinsi huduma inavyomchosha mtu, nyingine jinsi inavyomridhisha. Hoja yake ni kwamba hivi ni vitu viwili tofauti: mchungaji anaweza kuwa amechoka sana na bado akasimama imara, mradi kuridhika kwake na huduma ni kukubwa. Sasa tazama kanisa likifungwa. Wagonjwa bado wapo, wafiwa wapo, wenye njaa wanabisha hodi, sadaka inapungua. Mzigo uko palepale, pengine umeongezeka. Kilichoondoka ni kwaya, ubatizo, Meza ya Bwana, kupeana mikono mlangoni, mtoto wa Sunday School aliyekariri mstari wake. Vyote vilivyokuwa vikimpa nguvu vimeondoka kwa siku moja. Kumwambia mtu huyo "pumzika tu" hakumsaidii.

Mpeleke kwanza kupima presha. Ni sababu ya kweli na haina aibu yoyote: kukosa usingizi na wasiwasi wa muda mrefu huambatana na presha kupanda, na kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kikirudiwa siku nyingine na kubaki hapo kinahitaji mganga. Wapime pia sukari na wingi wa damu, maana upungufu wa damu na kisukari huleta uchovu unaofanana sana na wa moyo. Akiwa hapo, mwombe mganga atumie dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Chini ya 5 hakuna dalili za kutisha. 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, ya kufuatilia. Kuanzia 10 anahitaji kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. 20 na zaidi ni kali. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa. Akijibu ndiyo, hata kama jumla ni ndogo, asiachwe peke yake, na aonane na daktari siku hiyohiyo. Kutoka Rungwe, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina idara ya afya ya akili, na rufaa huanzia hospitali ya wilaya. Hatari ya swali la tisa ndiyo sababu pekee ya kuwaambia viongozi wake bila ridhaa yake. Vinginevyo, mwenyekiti wa wilaya ya kanisa aambiwe na mchungaji mwenyewe, au na wewe akikuruhusu.

Kwa usingizi: simu ilale chumba kingine. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa kumi alasiri, hata kama mnaishi katikati ya mashamba ya chai. Akiamka usiku na dakika 20 zikapita bila usingizi, atoke kitandani, akae kwenye mwanga hafifu, arudi usingizi unapomjia. Asubuhi aamke saa ileile kila siku, awe amelala au hakulala. Wengi hushindwa hapo, kwani hulala mpaka saa tatu kufidia, na usiku unaofuata unaharibika tena. Kama maombi ya saa nane usiku ni ya thamani kwake, yahamie saa kumi na moja alfajiri. Mungu yupo pia saa hiyo, na mwili utakuwa umepumzika.

Nawe, mama, tafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye ambaye si wa ushirika wenu. Mke wa mchungaji anabeba siri zote za nyumba na hana pa kuzitua.

Mchungaji wetu ameamua kupiga simu kila nyumba. Tuna kaya 240. Wiki ya tatu sauti imekauka na kuna watu wanalalamika hawajapigiwa. Baraza la wazee lifanye nini?
*Mzee wa kanisa, Makambako*

Tufanye hesabu kwanza. Kaya 240 kwa dakika 10 kila moja ni dakika 2,400, yaani saa 40. Hiyo ni wiki nzima ya kazi bila kuandaa neno, bila mazishi, bila kula. Hawezi, na haitakiwi aweze.

Gawanyeni kaya hizo kwa wazee 12. Kila mzee anapata 20, yaani simu tano kwa siku kwa siku nne, chini ya saa moja kila siku. Nusu ya wapigaji wawe wanawake; mama mjane hatamweleza mzee wa kiume kila kitu. Kila mpigaji aulize mambo matatu tu: kuna mgonjwa au msiba? kuna chakula cha wiki hii? kuna jambo ungependa mchungaji mwenyewe alisikie? Majibu yaandikwe kwenye daftari kwa namba ya kaya, si kwa jina, na daftari likae kwa mtu mmoja aliyeteuliwa.

Alhamisi mchana orodha ya wanaomhitaji mchungaji hasa apelekewe mwenyewe: wagonjwa mahututi, wafiwa wapya, walioomba. Asipige zaidi ya simu sita za ushauri kwa siku, na baada ya saa 2 usiku asipige wala asipokee isipokuwa ya kufiwa au ya hatari. Jumatatu yote simu ya usharika ibaki kwa mzee wa zamu. Tunasema *simu ya usharika* kwa makusudi: nunueni laini tofauti, muda wa maongezi ulipwe na usharika na uandikwe kwenye matumizi. Mchungaji anayetumia laini yake ya nyumbani hana siku ya kupumzika, hata mkimwandikia barua ya likizo.

Mpango huu huharibika kwa njia tatu. Wazee huwapigia rafiki zao na kuacha nyumba ngumu, kwa hiyo badilishaneni orodha kila baada ya wiki nne. Mzee mmoja husimulia sokoni alichosikia. Huyo aondolewe siku hiyohiyo, bila vikao vitatu. Na mchungaji mwenyewe hurudi kupiga simu kwa siri kwa kuwa anaona ameacha kundi. Mwambieni wazi, kwa azimio la baraza lililoandikwa, kwamba kugawa kazi hii ni uamuzi wenu, si udhaifu wake. Azimio la maandishi humpa ruhusa ambayo maneno ya mdomoni hayampi.

Ongezeni jambo moja. Mchungaji apangiwe mwenza: mchungaji wa usharika mwingine, asiye mkubwa wake wala mdogo wake kicheo. Wazungumze mara moja kwa wiki, siku na saa zilezile, dakika 45, kila mmoja apate nusu ya muda. Umelalaje? Umekula na nani? Nini kilikufurahisha katika huduma wiki hii? Wakikosa jibu la swali la mwisho wiki tatu mfululizo, ni dalili ya kupeleka kwa mkuu wa jimbo kwa ridhaa yao.

Sadaka imeshuka mno tangu watu waache kukusanyika. Posho ya mchungaji tumeikata nusu. Wengine wanamtumia sadaka kwenye namba yake mwenyewe. Ni sawa?
*Mhasibu wa usharika, Mafinga*

Si sawa, na anayeumia zaidi ni yeye. Fedha ya kanisa ikiingia kwenye namba ya mchungaji, hata shilingi elfu mbili ya mama mzee, tayari kuna mtu anayeuliza zimefika ngapi. Mchungaji anayejua kwamba anashukiwa hawezi kulala, na hana ibada ya kusomea mapato mbele ya watu. Mwondoleeni mzigo huo wiki hii.

Fungueni namba ya malipo kwa jina la usharika. Kutoa fedha kuhitaji watu wawili, na mchungaji asiwe mmoja wao. Kila Jumapili jioni mhasibu atoe taarifa ya miamala, mzee mmoja asaini, jumla isomwe kwenye kundi la simu na ibandikwe kwenye mlango wa kanisa kwa wasio na simu za kisasa. Bahasha za fedha taslimu zipokewe na wazee wa mitaa kwa stakabadhi, zisipelekwe nyumbani kwa mchungaji.

Kuhusu posho: msikate nusu kimya kimya. Kaeni naye, mumwonyeshe vitabu, mkubaliane kiasi, tarehe ya kulipa na namna deni litakavyorudishwa. Mtu huvumilia kidogo chenye tarehe kuliko kingi kisichojulikana. Kama mnamkatia NSSF, ambako jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, msiuruke mchango huo ili kuokoa fedha. Pengo lake litaonekana siku anapostaafu, na wakati huo baraza lenu halitakuwepo.

Kwa siku zijazo wekeni mfuko wa miezi mitatu ya posho. Kama posho ni 400,000 kwa mwezi, lengo ni 1,200,000. Ukitenga 50,000 kila mwezi unafika baada ya miezi 24; ukiongeza sehemu ya sadaka ya mavuno ya Juni na Julai, mapema zaidi. Mfuko uwe na akaunti yake. Mfuko ulio ndani ya akaunti ya ujenzi huliwa na mabati, tumeliona hilo katika barua nyingi mno.

Na kwa kuwa mko Mafinga, msisahau mazao. Familia ya watu sita inayokula ugali kila siku humaliza gunia la kilo 100 kabla ya miezi miwili. Sadaka ya mahindi ikipelekwa, hakikisheni imekauka: weka mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, acha dakika chache; chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Yakikauka, yawekwe kwenye mifuko ya kinga njaa (mifuko maalumu isiyopitisha hewa) na kufungwa bila kuacha hewa. Mahindi mabichi yaliyofungwa huvunda na kuota ukungu wenye sumu, na familia ya mchungaji haitathubutu kulalamika kuhusu sadaka.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni paroko msaidizi, Iringa. Misa ya watu ikizuiwa naadhimisha peke yangu chumbani. Najisikia kama naigiza. Nifanyeje?

Milele na milele, Amina, padre. Unachohisi kina msingi ndani ya sheria ya Kanisa lenyewe: kanuni ya 906 inasema padre asiadhimishe bila walau muumini mmoja kushiriki, isipokuwa kuwe na sababu ya haki na ya kufaa. Zuio la afya ni sababu hiyo, kwa hiyo Misa yako ni halali na kamili. Lakini kanuni hiyo inaonyesha pia kwamba upweke huo haukukusudiwa kuwa hali ya kawaida. Zuio likiruhusu mtu mmoja, mwalike katekista au sista, kwa zamu. Adhimisha kanisani mbele ya altare, kwa mavazi kamili na kwa saa ileile ya zamani. Kengele ikigongwa saa hiyo, watu wa vigangoni watajua wanaombewa na watasali majumbani. Taja nia ya jumuiya moja ndogo ndogo kwa jina kila siku, na mwenyekiti wake ajulishwe jana yake. Hapo huna tena chumba kitupu.

Pungufu jingine ni chakula. Mapadre wengi wakiwa peke yao hula chai na mkate mara tatu. Kuleni mezani, wewe na paroko, angalau mlo mmoja kwa siku, bila simu. Na usiku wa baridi ya Juni usilale na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa yake haina harufu na inaua mtu usingizini.

Mwishowe, likizo. Kanuni ya 533 inampa paroko hadi mwezi mmoja kwa mwaka nje ya parokia, mfululizo au kwa vipande, na siku za mafungo hazihesabiwi humo. Akitoka kwa zaidi ya wiki moja amjulishe askofu. Kanuni ya 384 inamtaka askofu awajali mapadre wake kwa namna ya pekee, pamoja na riziki yao. Kumwandikia dekano (padre msimamizi wa parokia za eneo lako) kwamba umechoka ni kutumia kilichoandikwa, padre.

Kipindupindu kimeingia kata yetu karibu na ziwa. Mimi ni mwinjilisti, mchungaji yuko mbali. Nazika watu bila ibada kanisani, bila kuaga, wengine wananilaumu. Nijilinde vipi, mwili na moyo?
*Mwinjilisti, Kyela*

Pole sana, ndugu. Katika barua zote, yako ndiyo iliyotugusa zaidi, na tutaijibu kwa kirefu.

Mwili kwanza. Aliyekufa kwa kipindupindu bado ana vijidudu vingi katika majimaji ya mwili, kwa hiyo kuosha maiti nyumbani ni hatari kubwa. Kazi hiyo ni ya timu ya afya. Wewe usiguse mwili, sanda wala jeneza. Simama pembeni ya kaburi, mbali na wanaoshusha, ongoza sala fupi ya dakika 15, na idadi ya waombolezaji iwe ile aliyoipanga afisa afya. Chakula cha msibani kisiwepo kabisa. Watu hutii wakati wa maziko kisha wakaketi kwenye sinia moja jioni, na siku tatu baadaye kuna wagonjwa wapya.

Ndoo ya kunawa iwe makaburini kabla hujafika. Kwa mikono tumia klorini ya asilimia 0.05. Ukiwa na jiki ya asilimia 3.5, weka mililita 285 kwenye ndoo, kisha ongeza maji mpaka lita 20; hiyo ni chupa ndogo ya soda isiyojaa. Ukiwa na klorini ya unga ya asilimia 70, kijiko kimoja kikubwa cha usawa, kama gramu 14, kinatosha lita 20. Kwa majembe, kamba na soli za viatu tumia kali mara kumi, asilimia 0.5: sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji. Weka alama kwenye ndoo zisichanganywe. Changanya upya kila siku na funika, kwa sababu jua huiua klorini, nayo ndoo ya juzi hunuka dawa ilhali haina nguvu. Usichanganye na sabuni ya maji wala tindikali ya chooni. Mvuke wake huumiza mapafu.

Sasa moyo. Kinachokuumiza si kuzika tu. Unalazimika kumnyima mfiwa kitu unachoamini ni haki yake: wimbo, neno, kuaga. Huko Uingereza maaskofu wa Kanisa la Anglikana, Machi 2020, waliwataka hata mapadre wasiingie kanisani kusali peke yao, na Askofu Mkuu Justin Welby aliongoza ibada ya Pasaka, Aprili 12, akiwa jikoni kwake. Kwa hiyo jeraha la kukatazwa kutoa unachodaiwa halikuanzia kwako, wala halitokani na imani haba.

Fungua daftari la mazishi. Kila aliyezikwa kwa zuio aandikwe: jina, tarehe, mtaa, ndugu wa kumpigia, na wimbo ambao familia ingetaka uimbwe. Waambie wafiwa palepale kaburini kwamba jina limeandikwa na kutakuwa na ibada ya kumbukumbu zuio likiondolewa. Wapigie siku ya tatu, ya saba na karibu na arobaini, au mzee wa mtaa apige kwa niaba yako. Lawama nyingi huanzia kwenye hofu kwamba mtu wao amefukiwa na kusahaulika, na daftari linajibu hofu hiyo kwa kitu kinachoonekana.

Usizike zaidi ya mara mbili kwa wiki bila mtu wa kupokezana. Ukiwa peke yako, mwandikie mchungaji leo, taja idadi ya maziko, omba wainjilisti wawili wa mitaa jirani waingie zamu. Ndani ya siku mbili baada ya maziko magumu uwe umezungumza na mtu, lakini asikulazimishe kusimulia kila ulichokiona; kumlazimisha mtu asimulie upya tukio zima siku zilezile hakumsaidii na kunaweza kumuumiza. Utaratibu wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani una hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Atazame kama umekula na uko salama, asikilize unachotaka kusema, akuunganishe na msaada. Picha za maziko zikikujia kwa nguvu usiku kwa zaidi ya mwezi mmoja, nenda hospitali ya wilaya na ueleze hivyohivyo.

Paroko wetu ameanza kunywa tangu parokia ilipotulia. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, umezidisha. Tumwambie aache mara moja?
*Halmashauri Walei, Iringa*

Hapana, msimwambie aache ghafla kabla ya kuonana na daktari. Mtu anayekunywa kila siku kwa wingi akikata ghafla anaweza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa chache, kupata degedege kati ya saa 6 na 48, na kuchanganyikiwa siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo inaweza kuua. Dalili za kuuliza ni mikono inayotetemeka asubuhi mpaka anywe, na kinywaji cha kwanza kabla ya chai. Zikiwepo, apelekwe hospitali, akatishwe pole pole kwa dawa huku akiangaliwa.

Aende kwake mtu mmoja anayemheshimu, mchana akiwa hajanywa, aseme alichokiona na tarehe. Msiende kumi. Kisha dekano. Na jumuiya ziache kumpelekea ulanzi kama zawadi. Leteni maziwa, mboga, kuku. Ulanzi haukuleta upweke wake, lakini kila dumu linalofika mlangoni linaukuza.

Mahubiri ya simu: video au sauti?
*Mwinjilisti, Makete*

Sauti. Dakika nane za ujumbe wa sauti ni megabaiti chache, video ya muda huohuo hula makumi, na mtandao wa milimani haubebi. Rekodi alfajiri kabla mvua haijaanza kupiga bati. Kinachowamaliza wahubiri wa simu ni kukosa "Amina" ya watu, kwa hiyo wakae watatu au wanne mbele yako kama zuio linaruhusu, na waumini watano wapangwe kila wiki kurudisha sauti ya dakika moja wakisema neno limewagusa wapi. Usihesabu waliofungua ujumbe. Kwa roho yako mwenyewe, soma andiko ambalo hutalihubiri. Maandiko ya kila siku ya Wamoravian, yanayochapishwa tangu 1731, yanafaa kwa hilo kwa sababu huyachagui wewe.

Ibada zimeruhusiwa tena. Tuna ubatizo 38, ndoa 11 na kumbukumbu za marehemu zilizosubiri. Watu wanataka vyote mwezi huu. Mchungaji amekubali.
*Katibu wa usharika, Njombe*

Mrudisheni kwenye ratiba kabla hajaanguka. Uchovu wa miezi ya zuio huonekana baada ya milango kufunguliwa, pale mwili unapodhani hatari imepita. Kumbukumbu za marehemu zitangulie: ibada moja ya pamoja, majina yote yasomwe kutoka daftarini, Jumapili ya pili. Ubatizo 10 kwa Jumapili, kila baada ya wiki mbili, utamalizika ndani ya miezi miwili. Ndoa moja kwa Jumamosi. 11 zitachukua karibu miezi mitatu, na watakaotangulia ni wale waliokwisha kusomewa matangazo. Sherehe za jioni mchungaji ahudhurie dakika 30 kisha aende nyumbani.

Likizo yake msiiweke wiki ya kwanza, kwani hatakubali kuondoka watu wakirudi, wala msiisukume mpaka baada ya Krismasi. Wiki ya nne inafaa. Siku 10, mhubiri mgeni aandikiwe sasa, nauli yake na ya familia ya mchungaji iwe kwenye bajeti, na simu ya usharika ikabidhiwe kwa mzee wa zamu Jumapili jioni kabla hajapanda basi.